Laptop Inayoganda Baada ya Kuongezewa RAM

Laptop ikizimika ghafla, mwenyewe hushtuka na kuipeleka kwa fundi. Ikiganda, husubiri. Picha imebaki kwenye kioo, saa ya pembeni imesimama, mshale haufuati kidole, na spika zinarudia kipande kimoja cha sauti bila kukoma. Baada ya dakika chache anakandamiza kitufe cha kuwashia mpaka mashine inazimika, anaiwasha upya na kuendelea na kazi. Kesho inaganda tena. Kwa kuwa kila mara inawaka, anaihesabu kuwa ni kero ndogo, anaizoea, na wiki zinapita.

Sura hii inahusu kuganda kwa aina moja tu, kule kunakoanza baada ya RAM kuongezwa. Nimekutengea sura yake yenyewe kwa sababu madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Kila kitu unachohifadhi kwenye diski hupita kwanza kwenye RAM: barua, picha, hesabu za duka, tasnifu ya chuo. RAM ikigeuza hata tarakimu moja kati ya mamilioni, kitakachoandikwa kwenye diski ni hicho kilichogeuzwa, na kitaandikwa bila onyo lolote. Siku mashine inapoganda, kosa limeangukia mahali ambapo mfumo wenyewe umeshindwa kuendelea. Siku ambazo haigandi, kosa lile lile linaweza kuwa limeangukia kwenye faili yako.

Kwa hiyo, kabla hujashika bisibisi, acha kuitumia mashine hiyo kwa kazi yoyote yenye thamani. Usihamishie picha za harusi, usifungue daftari la mahesabu, usisahihishe tasnifu. Na hili wengi hawalifikirii: usichukue nakala mpya za faili zako kwa kutumia mashine hiyo hiyo, ukazifunika nakala za zamani. Faili inayonakiliwa nayo hupita kwenye RAM ile ile mbovu, kwa hiyo unaweza kuharibu nakala nzuri iliyokuwa imebaki. Kama ni lazima kutoa kitu, toa kwanza RAM uliyoiongeza, au chomoa diski uisome kwenye mashine nyingine.

Nyongeza ya RAM yenyewe sina ugomvi nayo, na ninaipendekeza kila ninapoulizwa. Laptop nyingi zinazouzwa Kariakoo na kwenye maduka ya katikati ya Nairobi ni zile zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya, Marekani au Ghuba: EliteBook za HP, Latitude za Dell, ThinkPad za Lenovo. Ni mashine imara, zilitengenezwa ili zifunguliwe na kurekebishwa. Kasoro yao ni kwamba nyingi huja na GB 4, kiasi ambacho Windows ya leo na kivinjari chenye kurasa kumi hukimaliza mara moja. Kuitia GB 8 au 16 mashine ya namna hiyo ni matumizi mazuri ya fedha kuliko kununua laptop mpya ya bei ya chini isiyofunguka. Ila nyongeza hiyo inataka uangalifu, na pale uangalifu unapokosekana ndipo mashine huanza kuganda.

Tuanze na kilichomo ndani ya kipande chenyewe. Mwaka 1966 Robert Dennard, mhandisi wa IBM, alibuni namna ya kuhifadhi biti moja kwa kutumia transista moja na kapasita moja tu. Hataza yake ilitolewa mwaka 1968, na muundo huo ndio ulio ndani ya RAM ya laptop yako hadi leo. Kapasita ikiwa na chaji, hiyo ni 1. Ikiwa tupu, hiyo ni 0. Shida ni kwamba kapasita hizo ni ndogo mno na zinavuja. Ni ndoo zenye tundu: ukizijaza na kuziacha, baada ya muda hutajua ipi ilikuwa imejaa na ipi ilikuwa tupu. Ndiyo maana prosesa hulazimika kuhakikisha kila kapasita inasomwa na kujazwa upya ndani ya kipindi kisichozidi milisekunde 64, mashine ikiwa imewaka, usiku na mchana. Joto la kipande likipita nyuzi 85, uvujaji huongezeka, na kanuni za watengenezaji hutaka kipindi hicho kipunguzwe hadi milisekunde 32.

Sasa fikiria wingi wake. Kipande cha GB 8 kina kapasita zaidi ya bilioni 68. Moja ikivuja kupita kiasi, kipande kizima bado kitaonekana kizuri. BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine, itakihesabu, Windows itaonyesha GB 8, fundi atakuonyesha kioo na kukuambia kazi imekwisha. Ile seli moja mbovu itangoja mpaka mfumo uitumie kwa jambo zito. Ikiwa na rangi ya nukta moja ya picha, hutaona kitu. Ikiwa na anwani ambayo mfumo unaifuata ili kujua hatua inayofuata, mfumo utaruka mahali pasipo na kitu, na hapo ndipo kioo kinaposimama.

Kwa njia hiyo tunaelewa pia kwa nini mashine iliyoongezewa RAM hufanya kazi vizuri kwa siku mbili tatu kisha ndiyo ianze. Ukiwa unaandika barua tu, sehemu kubwa ya ile nyongeza haiguswi kwa kazi yenye uzito. Siku ukifungua kivinjari, mkutano wa video na jedwali kubwa kwa pamoja, mfumo unaingia katika eneo ambalo hukuwahi kulifikia. Na kwa kuwa joto huzidisha uvujaji, kuna laptop zinazofanya kazi vyema asubuhi chini ya feni na kuganda mchana zikiwa juu ya mto wa kochi. Mwenye laptop akilalamika hivyo, fundi asimwambie kwamba anafikiria tu. Anatoa dalili ya kweli, na dalili hiyo inafaa kuandikwa: iliganda saa ngapi, ikiwa inafanya nini, ikiwa na joto kiasi gani.

Kompyuta kubwa za kuhudumia mitandao zina kinga ambayo laptop za kawaida hazina. RAM zao huongeza biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64, na kwa hizo mashine hugundua na kusahihisha kosa la biti moja papo hapo. Mwaka 2009 Bianca Schroeder pamoja na watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa makosa ya RAM katika mashine za kampuni hiyo. Karibu theluthi moja ya mashine zilipata angalau kosa moja lililosahihishwa ndani ya mwaka, na zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM viliguswa. Jambo lililowashtua wengi ni chanzo. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, wahandisi wa Intel walipogundua kwamba chembe za mionzi kutoka kwenye vifuniko vya chipu zinaweza kugeuza biti, watu walizoea kulaumu mionzi na miale ya angani. Uchunguzi wa Google ulionyesha kwamba makosa mengi yalitokana na ubovu wa vifaa vyenyewe, yakijirudia katika vipande vile vile. Kwa mtu mwenye laptop moja mezani, ninalichukulia hivi: ikiganda mara mbili kwa siku, usitafute sababu angani. Kuna kitu kibovu, kimelegea, au hakifai, na kinaweza kupatikana.

Kukipata ndiko kunakoleta ugomvi madukani. "Mama, RAM hii ni mpya kabisa, haiwezi kuwa na shida," fundi anasema. "Mwanangu, kabla hujaiweka haikuwahi kuganda," mteja anajibu. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. RAM mpya inaweza kuwa mbovu tangu kiwandani. Na mashine inaweza kuanza kuganda siku ya nyongeza bila RAM kuwa na kosa lolote, kwa sababu siku hiyo ilifunguliwa. Waya wa feni ulivutwa. SSD ilisogezwa, ikarudishwa bila kukaa sawasawa. Kiunganishi cha betri kilichomolewa na kurudishwa nusu. Vumbi lililokuwa limetulia pembeni likaingia kwenye feni. Ukianza kwa kumwamini mmoja kati ya hao wawili, utatafuta upande mmoja tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudi nyuma kabisa. Toa RAM iliyoongezwa, acha ile ya zamani peke yake katika sloti yake ya zamani, tumia mashine kwa namna ile ile iliyokuwa ikiigandisha. Ikiendelea kuganda, RAM mpya haina hatia, au siyo yenye hatia peke yake. Kagua feni, diski na betri. Ikitulia, umepata nusu ya jibu, na hapa ndipo mafundi wengi huishia na kusema "RAM mbovu". Hawajathibitisha. Wameonyesha tu kwamba mashine haigandi bila RAM ile.

Endelea. Weka RAM mpya peke yake katika sloti ile ambayo ya zamani imefanya kazi vizuri. Ikiganda hapo, sasa una sababu nzuri ya kukishuku kipande. Isipoganda, chukua RAM ya zamani, ambayo tayari unaiamini, iweke katika sloti ya pili peke yake. Ikiganda, tatizo liko kwenye sloti, kwenye njia zake za shaba ndani ya mazabodi, au kwenye prosesa. Nataja prosesa kwa sababu tangu AMD walipotoa Athlon 64 mwaka 2003, na Intel wakafuata mwaka 2008, sehemu inayoisimamia RAM imehamia ndani ya prosesa yenyewe. Kwenye laptop nyembamba prosesa imechomelewa, kwa hiyo sloti iliyokufa kwa sababu hiyo mara nyingi haina dawa ya bei nafuu. Mwenye mashine ana haki ya kuambiwa hivyo mapema, atumie sloti moja yenye kipande kikubwa kuliko kulipia matengenezo yasiyo na mwisho.

Inabaki hali ya mwisho, inayochanganya kuliko zote: kila kipande ni kizima kikiwa peke yake, kila sloti ni nzima, lakini viwili vikikaa pamoja mashine inaganda. Hapo hakuna kipande kibovu. Kuna vipande visivyopatana.

Kila kipande cha RAM kina chipu ndogo inayobeba maelezo yake: ukubwa, kasi, volti, na muda unaohitajika kati ya hatua moja na nyingine ya kusoma. Mashine inapowaka, BIOS husoma maelezo hayo, huchagua mwendo ambao vipande vyote vinaumudu, kisha hufanya majaribio ya haraka ya kupima wakati mwafaka wa kutuma na kupokea ishara. Ndiyo maana laptop iliyobadilishiwa RAM inaweza kukaa na kioo cheusi kwa muda mara ya kwanza inapowashwa. Usiizime kwa hofu. Ipe dakika chache. Majaribio hayo yakifanikiwa kwa tabu, mashine inawaka na kwenda, lakini bila nafasi ya kutosha ya kuvumilia joto na kazi nzito. Kipande chenye kasi ya 3200 kikiwekwa na cha 2400 kwa kawaida hushuka na kufuata cha 2400, hivyo tofauti ya kasi peke yake si kosa. Kosa huja pale maelezo ya ile chipu yanapodanganya, au pale vipande vinapotofautiana kwa mengi kwa wakati mmoja: mtengenezaji, kasi, na jinsi chipu zilivyopangwa.

Kwamba maelezo hayo yanaweza kudanganya, hilo si jambo la kubuni. Mwaka 2001 Apple walitoa sasisho la programu ya ndani ya mashine zao, toleo la 4.1.7, na baada ya kuliweka watumiaji wengi waliona sehemu ya RAM yao imetoweka. Vipande walivyonunua kwa watengenezaji wengine vilikuwa vikifanya kazi siku zote, lakini havikuafiki vipimo ambavyo Apple walivitaka, na programu mpya ikaanza kuvikagua na kuvizima. Wateja walikasirika sana. Mimi nawaelewa wateja, lakini kuhusu kanuni yenyewe naafikiana na wahandisi: RAM isiyotimiza vipimo ni bora ikataliwe wazi kuliko kupokelewa ikaharibu kazi ya mtu polepole. Walichokosea ni kufanya hivyo bila kuwaambia watu kinachotokea.

Kwenye soko letu kutopatana kunakoumiza zaidi ni kwa volti, na ningependa kila fundi na kila mnunuzi alielewe jambo hili vizuri. RAM za DDR3 zilitengenezwa kwa volti 1.5. Baadaye ikaja DDR3L, inayotumia volti 1.35, ili kuokoa betri. Kwa macho zinafanana. Zote za laptop zina pini 204, na pengo la katikati liko mahali pale pale, kwa hiyo DDR3 ya zamani inaingia bila kulazimishwa kwenye laptop inayotaka DDR3L. DDR3L imetengenezwa kuvumilia volti zote mbili, kwa hiyo ukiiweka kwenye mashine ya zamani ya DDR3 haina neno. Kinyume chake ndicho kibaya. Mashine inayotoa volti 1.35 peke yake ikipewa kipande kinachotaka 1.5, inaweza kukataa kuwaka, na hiyo ni bahati. Inaweza pia kuwaka na kufanya kazi, huku kila seli ikiwa na chaji pungufu ya inayostahili, kisha ikaganda inapopata joto.

Laptop zinazohusika ndizo hasa zilizojaa madukani. EliteBook 840 G1 na G2, kwa mfano, zinataka DDR3L. 840 G3, ambayo kwa sura haitofautiani sana nazo, inatumia DDR4, yenye pini 260 na pengo lililosogezwa, na hapo angalau umbo lenyewe linamzuia mtu. Dawa ya kosa la volti ni kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye kipande. PC3-12800S ni DDR3 ya volti 1.5. PC3L-12800S ni DDR3L. Herufi moja hiyo ndiyo ya kutafuta. Karatasi ikiwa imekwanguliwa au imebandikwa juu ya nyingine, rudisha kipande na uombe kingine, hata kama muuzaji ataapa.

Kuna laptop nyingine ambazo sehemu ya RAM imechomelewa kwenye mazabodi. ThinkPad T440s na T450s zina GB 4 zilizochomelewa na sloti moja tu. Kwenye hizo huwezi kufanya mzunguko wa kubadilishana sloti niliouelezea, kwa sababu kipande kimoja hakitoki. Unachoweza ni kujaribu bila nyongeza, na kujaribu nyongeza tofauti. Ikiganda hata sloti ikiwa tupu, RAM iliyochomelewa nayo inaingia kwenye orodha ya washukiwa pamoja na diski na joto. Na laptop nyingi nyembamba za sasa RAM yao yote imechomelewa, hazina sloti kabisa. Ulizia hilo kabla ya kununua.

Makosa ya mikono nayapitia kwa kifupi kwa sababu yakijulikana ni rahisi kuepukwa. RAM ya laptop huingizwa kwa kuinamishwa, hadi ile mistari ya dhahabu isionekane karibu yote, ndipo inalazwa mpaka vibanio vya pembeni viishike na kutoa mlio. Ikikaa nusu, baadhi ya pini hugusa na nyingine zinagusa kwa kubahatisha. Pini zenye uchafu hufutwa kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Raba ya penseli huondoa uchafu lakini pia hukwangua dhahabu, kwa hiyo isiwe mazoea. Gusa chuma kabla ya kushika kipande ili umeme uliokusanyika mwilini utoke. Betri ichomolewe, kwa kuwa laptop iliyolala inaendelea kuipa RAM umeme.

Hapo kuna mtego wa Windows ambao hata mafundi wazoefu huusahau. Ukibonyeza kuzima, Windows ya kisasa kwa kawaida haizimiki kabisa. Huhifadhi hali ya kiini chake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Ukibadilisha RAM katikati, itakapowaka inaweza kujaribu kurudisha hali iliyohifadhiwa wakati mashine ilikuwa na RAM nyingine. Kabla ya kufungua mashine, shikilia Shift huku ukichagua kuzima, ndipo itazimika kikamilifu. Na kama kuganda kunatokea tu laptop inapoamka kutoka usingizini, lakini kamwe si wakati wa kazi, anza na sasisho la BIOS na la dereva za skrini kabla ya kuilaumu RAM.

Baada ya hayo yote ndipo tunafika kwenye kipimo, na kipimo ninachokiamini ni Memtest86+. Asili yake ni Memtest86, programu aliyoiandika Chris Brady katika miaka ya 1990. Memtest86+ ni tawi lake, hutolewa bure, na tangu toleo la 6 la mwaka 2022 linafanya kazi kwenye mashine mpya zinazotumia UEFI. Unaiweka kwenye flashi, unawasha laptop kutoka kwenye flashi hiyo, na inaanza kuandika mifumo mbalimbali ya tarakimu katika kila kona ya RAM na kuisoma tena. Windows haijawaka wakati huo, kwa hiyo dereva mbovu au kirusi havina nafasi ya kuchafua matokeo. Windows nayo ina kipimo chake, kinachoitwa kwa kuandika mdsched. Kinatosha kwa kuanzia, lakini kikisema hakuna kosa na mashine bado inaganda, usikitegemee.

Mzunguko mmoja wa Memtest86+ hautoshi. Iache usiku kucha, ikiwa imefungwa kama inavyotumika kila siku, kwa sababu unataka ipate joto lake la kawaida. Idadi inayokubalika ya makosa ni sifuri. Nimesikia mara nyingi maneno "makosa mawili tu, hayana shida", na kila ninapoyasikia nafikiria faili za mtu zinazokwenda kuandikwa kupitia makosa hayo mawili. Kosa moja linatosha kukikataa kipande.

Mpangilio wa makosa nao unazungumza. Yakitokea mahali pale pale kila mzunguko, seli imekufa, na kipande ni cha kurudishwa. Yakitawanyika kila mahali, kila mzunguko sehemu tofauti, shuku pini, volti au kutopatana, kisha safisha, kaza na upime tena kabla ya kutupa kitu. Yakitokea vipande viwili vikiwa pamoja tu, tafuta kipande kinachofanana na cha zamani kwa aina, kasi na ikiwezekana mtengenezaji, au uza vyote viwili ununue jozi moja. Na ikipita usiku mzima bila kosa lakini mchana laptop bado inaganda, basi RAM imejitetea vya kutosha. Nenda kwenye joto. Laptop yenye vipande viwili inaweza kuipa sehemu ya picha ndani ya prosesa njia mbili za kusoma badala ya moja, michezo na video zinakimbia zaidi, na prosesa yenye gundi ya joto iliyokauka tangu ilipokuwa ofisini Ulaya inachemka kuliko zamani. Feni isafishwe, gundi ibadilishwe, halafu uangalie.

Kipande kikithibitika kuwa kibovu, piga picha kioo cha Memtest86+ kikionyesha makosa, pamoja na picha ya karatasi ya kipande na risiti. Muuzaji anaweza kubishana na malalamiko, lakini ni vigumu kubishana na kioo chenye mistari myekundu na namba za anwani. Kwa sababu hiyo, siku ya kununua, mwombe aandike kwenye risiti aina ya RAM, ukubwa, kasi na muda wa dhamana, si "RAM" peke yake.

Mashine ikitulia, kazi inayobaki ni ya faili, na wengi huiruka kwa furaha ya kuona laptop haigandi tena. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, endesha chkdsk kukagua mpangilio wa diski, kisha sfc /scannow kukagua faili za Windows yenyewe. Hizo mbili hazitagusa barua zako wala picha zako. Faili zako itabidi uzikague mwenyewe: panga faili kwa tarehe, chukua zote zilizoandikwa kati ya siku RAM ilipoongezwa na siku ilipotolewa, uzifungue moja moja. Zilizo za maana zaidi, kama hesabu, mikataba na tasnifu, zilinganishe na nakala ya kabla ya tarehe hiyo. Isiyofunguka, au yenye namba usizozitambua, irudishe kutoka kwenye nakala hiyo ya zamani, na usiifute nakala hiyo mpaka uwe umemaliza orodha yote.